Ratiba ya Shangazi

Mtihani ulikuwa wa saa mbili, na katika dakika arobaini za kwanza sikuandika chochote isipokuwa nambari yangu ya usajili. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikisomea sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja mjini Kisii, na huu ulikuwa mtihani wa vitendo, ndani ya maabara, kila mtu na mashine yake. Swali lilikuwa fupi. Tuandike programu inayosoma orodha ya vitabu vya maktaba, ituambie vipi vimeazimwa na vipi vimepitisha siku ya kurudishwa. Nililisoma mara sita. Kila neno nililielewa. Lau ningeambiwa nieleze kwa insha jinsi programu ya namna hiyo inavyofanya kazi, ningejaza kurasa nne na kuomba karatasi ya ziada. Lakini hapakuwa na karatasi. Palikuwa na skrini nyeupe na kijistari kilichokuwa kikiwaka na kuzima, kikinisubiri.

Wenzangu walikuwa wakibonyeza vitufe. Kijana aliyekaa kulia kwangu alikuwa amekosea, akafuta, akaanza upya, na bado alikuwa mbele yangu. Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka ukurasa. Nilijua kwamba katika daftari langu, upande wa kushoto, chini ya kichwa nilichokipigia mstari mwekundu, kulikuwa na programu inayofanana na hii, ila yenyewe ilihusu wanafunzi, si vitabu. Nikaanza kuiandika jinsi nilivyoikumbuka. Mstari wa tano ukanipotea. Nikarudi mwanzo ili nishike kasi, kama mtu anayeimba upya apate kufikia ubeti aliousahau, lakini ukanipotea pale pale.

Muda ulipokwisha nilikuwa na mistari kumi na mmoja. Nilipoiamuru iende, maandishi mekundu yalijaa skrini nzima.

Fundi wa maabara, mama wa makamo mzaliwa wa Nyamarambe, alipita akizima mashine moja baada ya nyingine. Alinikuta bado nimekaa.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Muda umeisha, madam."

Akaitazama skrini yangu. Aliniwekea mkono begani kidogo, kisha akaenda kwenye mashine iliyofuata. Mimi nikatoka, nikaenda chooni kulia.

Aibu yangu ilikuwa na mizizi mirefu. Tangu utotoni nilisifiwa kwa jambo moja, nalo ni kukariri. Kwetu ni Gesima, na kanisani mwetu watoto hufundishwa fungu moja la Biblia kila Sabato, kisha robo ya mwaka ikiisha husimama mbele wakayasema yote kumi na matatu. Wengine walikwama kwenye la nne. Mimi niliyasema yote bila kumeza mate, na akina mama walitikisa vichwa. Shuleni ikawa hivyo hivyo. Kidato cha kwanza tulikuwa na somo la kompyuta, lakini kompyuta zenyewe zilikuwa zimefungiwa katika chumba kisicho na umeme. Mwalimu alituchorea ubaoni vitufe vyote, nasi tukagonga madawati kwa vidole. Katika mtihani wa muhula ule niliongoza darasa.

Chuoni niliendelea na njia ile ile. Nilikariri programu nzima nzima, pamoja na mabano na nukta zake. Kazi za vikundi nazo zilinisaidia kujificha. Kila kikundi kilinitaka kwa sababu niliandika ripoti safi. Wenzangu waliandika programu, mimi nikaeleza kwa ufasaha kitu ambacho nisingeweza kukitengeneza. Tukapata alama sawa. Kwa miaka miwili na nusu watu walinidhania mwanafunzi hodari, nami sikuwakosoa.

Matokeo yalipobandikwa, nilikuwa nimeanguka somo lile. Ningepewa sapu, yaani mtihani wa kurudia, baada ya likizo ndefu. Siku ya kufunga nilimtafuta yule fundi. Nilimkuta katika chumba kidogo nyuma ya maabara, amefungua tumbo la kompyuta, anaipangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Sikujua nimwambie nini hasa, kwa hiyo nikamwambia nimeanguka.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Hebu niambie. Tangu uje hapa, programu uliyoandika wewe mwenyewe, toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuangalia mahali, ni gani?"

Nikazihesabu kichwani kazi zote nilizowahi kuwasilisha.

"Hakuna, madam."

"Hata ile ndogo ya kusalimia?"

"Ile niliinakili kutoka ubaoni."

Nilidhani atacheka, lakini aliendelea kupangusa.

"Mimi chuo kikuu sikufika," akasema. "Hizi mashine zimenifundisha kwa kuharibika. Wewe kichwa unacho. Shida yako unaogopa kukosea. Umezoea kuwekewa tiki tangu darasa la kwanza, na kompyuta haikupi tiki mpaka ikukatae kwanza."

"Sasa nifanye nini?"

"Kila siku andika kitu kidogo. Hata mistari kumi. Kiwe kitu unachokitaka wewe, si cha kwenye daftari. Kikikataa, soma kinakuambia nini. Hayo maandishi mekundu nyinyi hamyasomi. Mnayafuta haraka haraka kama mtu ameandika matusi ukutani." Akapuliza vumbi. "Ukirudi usiniletee notisi za daftarini. Niletee kitu kilichokataa."

Nyumbani nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Siku ya nne nilikuwa shambani na tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, tukichuma chai mistari miwili iliyopakana. Umande ulikuwa haujakauka na nguo zetu zilikuwa zimelowa mpaka kiunoni.

"Tata, nimeanguka somo moja."

"Lipi?"

"La kuandika programu."

Aliendelea kuchuma. Mikono yake haikupunguza mwendo.

"Hilo si ndilo somo lenyewe?" akauliza.

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Niliinamia majani, na nadhani alielewa, maana akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, kama watanirudishia mtihani. Nikamwambia ndiyo, baada ya likizo.

"Basi bado hatujamwambia mtu," akasema, akamwaga majani aliyoshika ndani ya kikapu.

Hakumwambia mtu kweli, hata mama hakujua mpaka nilipomwambia mimi mwenyewe.

Nikaanza mistari kumi ya kila siku. Nilikuwa na laptopu kuukuu ambayo betri yake ilikwisha kufa. Ilifanya kazi ikiwa imechomekwa ukutani tu, na kwetu mvua ya alasiri ikitia tone la kwanza, stima inaondoka. Mara mbili nilipoteza kazi yote. Mara ya tatu nilikuwa nimejifunza kuihifadhi kila baada ya mistari miwili. Programu ya kwanza ilinieleza zimebaki siku ngapi kufika Sabato. Ilinichukua asubuhi nzima, na Jumapili ilisema zimebaki siku saba badala ya sita. Ya pili ilipanga zamu ya mimi na mama ya kukamua ng'ombe. Mama aliitazama akasema yeye zamu yake anaijua bila kuambiwa.

Vilikuwa vitu vya kitoto na nilivionea haya. Lakini nilianza kuyasoma maandishi mekundu, polepole, neno kwa neno. Nikagundua kwamba mara nyingi yalikuwa yakinitajia hata nambari ya mstari wenye kosa. Miaka yote ile nilikuwa naonyeshwa kwa kidole nami nafumba macho.

Sabato moja shangazi alikuja kula chakula cha mchana kwetu baada ya ibada. Ni dada mkubwa wa tata, na wakati huo alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya sekondari ya kutwa huko Manga. Kila muhula kazi ya kupanga ratiba ya masomo ilikuwa yake. Alilalamika mezani kwamba kesho yake atarudi kwenye vipande vyake vya karatasi, na kwamba kazi ile inamzeesha.

"Na wewe unasomea kompyuta," akanigeukia. "Haiwezi kunipangia?"

Tata alinitazama, kisha akatazama sahani yake. Yeye ndiye pekee mezani aliyejua hali yangu ilivyo. Ningeweza kusema sijui, au nitajaribu.

"Inaweza, shangazi," nikasema.

Jumatatu nilipanda boda boda na laptopu yangu nimeifunga ndani ya leso, nikaenda Manga kukaa kwake. Shule zingefunguliwa baada ya wiki mbili. Nilimkuta sebuleni, meza imejaa vipande vya manila vya rangi mbalimbali, kila mwalimu na rangi yake. Kijani kilichopauka kilikuwa cha mwalimu wa Kemia, cha waridi cha mwalimu wa Kiswahili. Alivisogeza huku na huku juu ya karatasi kubwa iliyochorwa masanduku, na kila alipokitia kimoja mahali pake, kingine kilikosa pa kukaa. Akanieleza masharti. Mwalimu asiwe madarasa mawili kwa wakati mmoja. Maabara ni moja, basi Kemia na Biolojia zisiigombanie. Hisabati isiwe alasiri tu. Nikaandika yote, nikaitikia kwa kichwa kama daktari.

Siku tatu nilijaribu. Programu yangu ya kwanza iliweka Hisabati zote Jumatatu, tangu asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Niliporekebisha, ikawa haimalizi. Ilizunguka tu, laptopu ikipiga kelele na kuchemka hadi nikahofia meza ya shangazi. Sikujua wakati huo kwamba kumpangia mtu ratiba ni mojawapo ya kazi ngumu kabisa unazoweza kuipa kompyuta. Nilidhani ni mimi tu.

Siku ya nne shangazi alipokwenda shule, niliingia mtandaoni kwa simu yangu. Nikapata programu ya kupanga ratiba ambayo mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, alikuwa ameiweka hadharani kila anayetaka aichukue. Nikaichukua. Nikaondoa jina lake pale juu. Nikaweka walimu na masomo ya shangazi, na kwa nusu dakika ikatema ratiba nzima, imepakwa rangi, imenyooka.

Shangazi aliporudi nikamwonyesha. Alivaa miwani, akafuata kila safu kwa kidole. Kisha akakaa kwenye kochi kama mtu aliyetua mzigo.

"Umeiandika wewe?"

"Ndiyo."

Alimpigia tata simu pale pale. Nilimsikia akisema, kwa Ekegusii, kwamba msichana wake amemtoa utumwani. Sikusikia tata alijibu nini. Jioni ile shangazi alinichinjia kuku, nami nikala kichwa nimeinamisha.

Kesho yake asubuhi alikuja na chai, akaketi karibu nami. Alikuwa na ombi dogo tu, alisema. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo asipangiwe somo la kwanza siku yoyote. Tena ile programu ilikuwa imeweka vipindi viwili vya Kemia mwisho wa Ijumaa, wakati shule nzima iko uwanjani. Nimrekebishie hayo mawili, kisha aipeleke ikachapishwe.

Nikasema sawa. Alipotoka nikaifungua ile programu kuitazama ndani. Ilikuwa na mamia ya mistari. Sikujua niguse wapi. Niligusa mahali pamoja, ratiba yote ikavurugika. Nikarudisha, nikagusa pengine, ikakataa kwenda kabisa. Nilikaa mbele yake mpaka mvua ikaanza na stima ikapotea, na hata baada ya skrini kuzimika niliendelea kukaa vile vile. Niliona wazi kwamba nilikuwa nimerudi kwenye chumba kile cha mtihani, ila safari hii kulikuwa na mtu aliyeniamini.

Shangazi aliingia akitikisa mwavuli.

"Imekuwaje?"

"Shangazi, ile programu si yangu."

Akaweka mwavuli chini.

"Ni ya nani?"

"Simjui. Niliichukua mtandaoni. Nilifuta jina lake. Siwezi kuibadilisha kwa sababu siielewi." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikamwambia na lile lingine, kwamba nimeanguka mtihani, na kwamba miaka yote mitatu nimekuwa nikiishi kwa notisi za daftarini na migongo ya wenzangu.

Aliketi kwenye kochi. Nje mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata nikashukuru kwamba kuna kelele.

"Nimefundisha miaka mingi," akasema mwishowe. "Mtoto anayenakili huwa namjua kwa macho. Wewe jana sikukutazama machoni, nilitazama rangi." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Hii ya mwenyewe iache. Wewe unaweza nini? Usiniambie unachotaka kuweza."

Nilifikiri juu ya mistari yangu kumi kumi ya Gesima.

"Kupanga siwezi. Labda ukipanga wewe, mimi naweza kutafuta mahali ambapo mwalimu mmoja amewekwa madarasa mawili kwa wakati mmoja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Mwanangu," akasema, "kupanga kunanichukua siku mbili. Kinachonichukua wiki ni kutafuta hayo."

Ilinichukua siku nne. Nilianza na kusoma siku moja tu, Jumatatu, ya madarasa mawili tu. Ilipokubali nikaongeza darasa la tatu. Kila iliponikatalia nilisoma ilichosema, na nisipoelewa nilikisoma kwa sauti, hata shangazi akaanza kuniuliza kutoka jikoni leo inalalamika nini. Nilihitaji ratiba halisi ya kuijaribia, naye akanipa ya muhula uliopita, ambayo karani wa shule alikuwa amekwisha kuichapa.

Mara ya kwanza nilipoipitisha yote, programu yangu ilisema hakuna mgongano wowote.

"Si nilikuambia niliipanga vizuri," shangazi akasema, na alifurahi.

Mimi sikuridhika. Nikaingia ndani ya ratiba na kutia kosa kwa makusudi. Nilimweka mwalimu wa Historia madarasa mawili Jumanne asubuhi. Nikaipitisha tena, ikasema hakuna mgongano. Basi ilikuwa haioni. Nilitafuta kosa saa nzima katika mistari yangu bila kuliona. Shangazi alivuta kiti, akaanza kuisoma ratiba yenyewe, si programu.

"Hapa karani amemwandika kwa herufi kubwa," akasema. "Hapa amemwandika kwa ndogo. Wewe na mimi tunajua ni mtu mmoja. Na yenyewe inajua?"

Haikujua. Nikaiandikia mistari miwili, ili kabla ya kulinganisha igeuze herufi zote ziwe ndogo. Nikaipitisha. Lile kosa nililolitia likaonekana. Chini yake likatokea jingine, ambalo sikulitia mimi. Alhamisi, somo la sita, mwalimu wa Fizikia alikuwa kidato cha pili na kidato cha nne.

Niligeuka nimwonyeshe shangazi kwa furaha. Yeye hakuwa na furaha. Aliinama karibu na skrini, akasoma mstari ule, akausoma tena.

"Alhamisi," akasema.

Kisha akanieleza. Mwalimu yule alikuwa kijana aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa muda, mara tu alipomaliza chuo. Wiki chache baada ya kuanza kazi, wanafunzi wa kidato cha pili walishtaki kwamba Alhamisi haingii darasani kwao. Shangazi alimwita ofisini, akamkaripia, akamwandikia barua ya onyo. Kijana alisema, "Nitajirekebisha, madam." Tangu hapo wanafunzi hawakushtaki tena, na shangazi alihesabu kwamba barua imefanya kazi.

"Karatasi yake ya ratiba niliinakili mimi kwa mkono," akasema. "Sanduku ni moja, linachukua somo moja. Lazima niliandika la kidato cha nne. La kidato cha pili likabaki kwenye ratiba ya ukutani ya watoto tu."

Nikamwambia muhula umepita, na huu mpya hautakuwa na kosa hilo. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua mwavuli, akaniambia nifuatane naye.

Mwalimu alikuwa amepanga chumba karibu na soko. Tulimkuta uani akifua mashati. Alipomwona naibu wa mwalimu mkuu amesimama mlangoni siku ya likizo, alikausha mikono kwenye suruali na uso ukamshuka.

"Mwalimu, nimekuja kwako," shangazi akasema. "Ile Alhamisi ya muhula uliopita. Ulikuwa umepangiwa madarasa mawili saa ile ile."

"Niliona, madam. Baadaye niliona."

"Ulifanyaje?"

"Niliwapa kidato cha nne zoezi, nikawa nakimbia kidato cha pili, halafu narudi."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Kwa nini hukuniambia?"

Kijana alitazama beseni lake. "Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Nilidhani pengine ndivyo inavyofanywa, ni mimi sijaelewa."

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, na nilikuwa nimesikia kwamba shuleni wanafunzi humwogopa. Pale uani alionekana mdogo.

"Kosa lilikuwa langu," akasema. "Nilikukaripia bure. Barua ile naitoa kwenye faili lako, na walimu wengine nitawaambia mimi mwenyewe."

Yule kijana hakujua pa kuweka mikono. Alisema asante, akasema si neno, akatukaribisha chai ambayo ni wazi hakuwa nayo. Tulimshukuru tukaondoka. Njia nzima ya kupanda kuelekea nyumbani shangazi alitembea mbele yangu. Tulipofika langoni ndipo alipozungumza.

"Sasa nitapanga ya muhula mpya. Ikiisha uipitishe mara mbili."

Niliipitisha mara tatu. Ilipata migongano saba, naye akairekebisha yote kwa vipande vyake vya manila, akinung'unika. Muhula ulipofunguliwa alisimama kwenye kikao cha walimu akasema alilosema atalisema. Mimi sikuwapo. Ni mwalimu wa Kiswahili aliyeniambia, nilipokutana naye sokoni, mtoto mgongoni.

Nilirudi chuoni wiki moja kabla ya sapu, nikampelekea fundi wa maabara laptopu yangu. Nilikuwa nimejaribu kuifanya programu iangalie na migongano ya maabara, lakini ilikuwa inataja kila mgongano mara mbili. Hakunipa jibu. Aliniuliza maswali, moja baada ya jingine, na kwenye swali la nne nilijiona mwenyewe nilipokosea. Alicheka kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Sapu nayo ilikuwa ya saa mbili. Swali lilihusu wagonjwa na foleni ya kumwona daktari, na sikuwahi kuliona popote. Nilitaka kuanza kukumbuka kurasa, nikajizuia. Nikaandika programu ya mgonjwa mmoja tu. Ikakataa, nikasoma ilichosema, nikarekebisha, ikaenda. Nikaongeza mgonjwa wa pili. Sehemu ya mwisho ya swali sikuifikia kabisa, lakini nilichokiandika kilifanya kazi. Nilipita kwa alama za kawaida, wala sikuzitangaza. Tata alipopata habari aliuliza kama sasa anaweza kuwaambia watu. Nikamwambia hajawahi kuwaambia kwamba nimeanguka, kwa hiyo hakuna cha kuwaambia. Alikubali, ingawa nadhani alisikitika kidogo.

Sasa nimeajiriwa katika ofisi ndogo mjini Kisii, tunawaandikia watu programu za maduka na zahanati. Mimi si mwandishi wa haraka. Wenzangu wananipita kwa kasi, nami nimezoea. Ile ya shangazi aliitumia mpaka akastaafu, na ni mbaya kuitazama, mistari mingine inaniaibisha. Mwaka jana, baada ya kupata ujuzi kidogo, nilimwambia sasa naweza kumwandikia ya kupanga ratiba yote, mwenyewe kabisa, tangu mwanzo. Alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu. Alikataa.

"Nikipanga kwa mkono nashika kila mmoja wao," akasema. "Nikishika cha waridi nakumbuka ana mtoto. Wewe nitafutie makosa tu."

Sikubishana naye. Niliketi pale mezani nikairekebisha ili itambue pia vipindi vya michezo, naye akaendelea kukata manila.